Mtihani wa dani ya pili ya taekwondo: nigawe vipi muda uliobaki?

Mkazi wa Igoma:
Salaam, ndugu zangu. Nina dani ya kwanza ya taekwondo, yaani ngazi ya kwanza ya mkanda mweusi, na mwalimu wetu ameniruhusu kufanya mtihani wa dani ya pili, kwa kuwa mwaka mmoja wa kusubiri unaotakiwa na Kukkiwon, makao ya taekwondo yaliyoko Seoul, umeshapita. Tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji, jioni baada ya kazi, na wiki zilizobaki ni chache. Pumse ya Koryo, yaani mfululizo wa hatua uliopangwa ambao nitauonyesha mtihanini, nimeishika yote, lakini lile teke la ubavuni la mara mbili linaniyumbisha, na mbele ya mbao za kuvunja huwa nasita. Waliopita huko waligawa vipi muda wao? Na je, kukimbia kupanda kilima cha Isamilo hapa Mwanza kunasaidia?

Mwalimu wa Nyegezi:
Ndugu yangu, ningekuwa wewe ningetoa sehemu kubwa ya muda kwa Koryo. Pumse hiyo ina hatua 30, na teke unalolitaja huja mapema sana, mara tu baada ya zuio la kwanza la ukingo wa viganja, kwa hiyo watahini wanakupima kabla mwili haujatulia. Teke la kwanza hulenga goti, la pili hupanda juu, na mguu haurudi chini katikati. Wengi huyumba kwa sababu hawageuzi mapema kisigino cha mguu unaobeba mwili. Hungoja teke la pili ndipo wageuke, na hapo nyonga imeshafunga. Shika ukuta, geuza kisigino kielekee shabaha, piga la chini, rudisha goti karibu na kifua, tulia, kisha piga la juu. Kasi iongezwe baadaye.

Angalia pia msimamo wa nyuma, ule wa asilimia 70 ya uzito kwenye mguu wa nyuma na 30 kwenye mguu wa mbele, kwa maana ndio unaoharibika kwanza mtu akichoka. Kwa sababu hiyo fanya Koryo baada ya sparingi, yaani mapambano ya mazoezi, miguu ikiwa mizito, na usiziache Taegeuk zote nane, zile pumse za kabla ya mkanda mweusi, kwani unaweza kuamriwa kuonyesha yoyote kati yake.

Binti wa Kirumba:
Nakubaliana na mwalimu; mimi naongezea la mbao. Tafuta paina iliyokauka vizuri na uihifadhi ndani, mbali na sakafu, hasa sisi tunaoishi karibu na ziwa, kwa sababu mbao yenye unyevu hunyumbuka pale ambapo ingepaswa kupasuka. Ikatwe nyuzi zikifuata upande mfupi, na washikaji washike kingo zilizo sambamba na nyuzi hizo, wakiwa wamekaza mikono na kuegemeza mwili mbele. Mshikaji akirudi nyuma teke linapofika, nguvu hupotea na mguu wako ndio unaoumia. Omba watakaokushikia siku ya mtihani wakushikie mazoezini pia, maana kusita kwingi hutokana na kutomwamini aliyeshika.

Mkimbiaji wa Bwiru:
Kupanda Isamilo kunajenga mapaja na pumzi, lakini shuka kwa kutembea. Mteremko ule wa mawe hupiga magoti vibaya, nawe tayari unaruka juu ya saruji kila jioni. Kama ukumbi hauna mikeka, mateke ya kuruka yafanyieni kwenye nyasi.

Mkazi wa Igoma:
Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Kuna teke la kuruka na kuzunguka ambalo nimeanza kujifunza karibuni. Nilifikiria kulitumia kuvunjia mbao ili watahini wavutiwe.

Mwalimu wa Nyegezi:
Marahaba. Hapana, liache hadi mtihani upite. Vunja kwa teke la nyuma au la ubavuni, lile unaloliamini zaidi, na muda ambao ungelipatia teke hilo jipya uutumie kwenye mguu wako dhaifu. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu kutoka mbele, mahali watakapokaa watahini, kisha mtazame pamoja kisigino kinaelekea wapi.