Kutuma mashairi, hadithi na michoro ya wanafunzi Skipping Stones

Mwl_DarasaLa6: Wadau, habari za leo. Nina hadithi 5, mashairi 4 ya Kiswahili na michoro 3 ya A3, kazi za wanafunzi wa miaka 11 hadi 13. Nataka kuzipeleka Skipping Stones, lile jarida la Oregon, Marekani. Je, mashairi lazima yawe ya Kiingereza? Halafu A3 haiingii kwenye skana ya shule.

KinaNaMizani: Mwalimu, Kiswahili wanakipokea. Jarida hilo, lililoanza mwaka 1988, linachukua kazi za lugha yoyote, ila weka na tafsiri ya Kiingereza. Ukomo wao ni mistari 30 kwa shairi na maneno 1,000 kwa hadithi. Kama ni tarbia, yaani mashairi ya mishororo minne kwa ubeti, hizo ni beti 7, mishororo 28. Ubeti wa nane tayari umezidi. Ukipunguza, usifyeke ubeti wa mwisho, mara nyingi hoja iko huko. Tazama wa pili: watoto hupenda kurudia wa kwanza kwa maneno mengine.

Hesabu mizani, yaani silabi za kila kipande cha mshororo, kabla ya kutafsiri. "Mtoto anaposoma, mambo mengi huyapata" ni nane kwa nane. Wengi huteleza kwenye m. Ile ya "mtoto" ni mizani kamili, lakini ya "mambo" imeshikana na b, haihesabiwi peke yake.

Tafsiri ibebe maana tu. Ukilazimisha vina vya Kiingereza utaishia kutunga shairi lako, si la mtoto.

RangiZaMaji: Mchoro wa A3 usiuskani vipande viwili ukaviunga, mshono huonekana. Ubandike ukutani mkabala na dirisha, jua lisiupige moja kwa moja. Zima flashi. Simu iwe usawa wa katikati ya karatasi. Ukiinamisha, upande mmoja unatoka mpana kuliko mwingine.

Kuchapa kwa ukubwa wa A4, dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), kunataka pikseli 2,480 kwa 3,508. Kamera ya megapikseli 12 inatosha mchoro ukijaza fremu. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo itume kama dokumenti.

Jina liandikwe nyuma kwa penseli, tena kwa mkono mwepesi. Maka peni hupenya hadi mbele. Na vikatuni vilivyonakiliwa kwenye TV viondoe kabisa, vina wenyewe.

KalamuNyekundu: Kwenye hadithi sahihisha tahajia, sentensi ziache. Mtoto wa miaka 11 akiandika "machweo yalitandaza zulia la dhahabu", mhariri anajua ni mkono wa nani. Akimaliza kwa "kumbe nilikuwa naota", mrudishie aandike upya yale mambo yenyewe. Huo mwisho wahariri wameuchoka.

Pata idhini ya mzazi iliyosainiwa kabla ya kutuma. Soma pia kama jarida linaomba ruhusa ya kuchapisha au linachukua hakimiliki. Ni vitu viwili tofauti, na mzazi aelezwe kipi.

Mwl_DarasaLa6: Asanteni sana. Nizifunge zote kwenye faili moja?

KalamuNyekundu: Hapana, kila kazi faili lake. Ndani, juu ya ukurasa wa kwanza, weka jina, umri, na mistari miwili mitatu ya mtoto mwenyewe kuhusu kilichomfanya aandike. Anwani iwe ya shule. Jina la faili liwe kama "shairi_jina_umri". "Document1" zikiwa tano hakuna atakayejua ipi ni ya nani.