Naomba ushauri: mwaka uliofutika kwenye kaburi la mzee wetu

Assalaam alaikum ndugu zangu. Kwenye makaburi ya ukoo wetu huku Tongoni, Tanga, kuna jiwe lililoliwa na chumvi ya bahari. Maandishi ni ya Kiarabu: Alhamisi, 27 Rajabu, mwaka 12?4 wa Hijria. Tarakimu ya makumi imebaki mstari wima tu, na kwa tarakimu za Kiarabu 1, 2, 3, 6 na 9 zote zina mstari huo.

Nimepiga hesabu kwa mzunguko wa kalenda ya Hijria wa miaka 30, wenye miaka mirefu (ya siku 355) 11. Alhamisi imetoka mara mbili: 1224 (7 Septemba 1809) na 1264 (29 Juni 1848). Mwaka 1214 unaangukia Jumatano, lakini mwezi ulitazamwa kwa macho, na siku moja kupishana ni kawaida. Hapo ndipo nimekwama. Usiku nimemulika tochi kwa ubavuni, sikupata zaidi. Kulikwangua jiwe sitaki kabisa, mzee wetu kalala pale.

Je, 1214 niuache au bado unawezekana? Na kuna namna gani ya kutofautisha 2 na 6 bila kuligusa jiwe?