Chai ya Oolong ya Bibi: Mazungumzo ya Kikundi cha Ukoo

Khalati Zuhura: Assalaam alaykum jamaa. Nimeletewa ujumbe unaodai kwamba chai ya oolong huponya kisukari na kuyeyusha kitambi, na Mama ameshanituma soko la Marikiti nikamtafutie. Kabla sijatoa pesa, naomba shemeji Athman, aliyefanya kazi ya majani ya chai miaka mingi pale Shimanzi, Mombasa, pamoja na Nasra aliyesomea lishe, watueleze ukweli wake.

Ami Athman: Wa alaykum salaam, shemeji. Oolong si mti mwingine, bali hutoka kwenye mchai uleule unaolimwa Kericho na Nandi, na tofauti yote iko katika utengenezaji. Majani ya chai ya kijani hupashwa moto mapema ili yasigeuke rangi, ya chai nyeusi huachwa yageuke kabisa kwa hewa, na ya oolong hutikiswa hadi kingo zichubuke, yakaachwa yageuke kiasi, kisha yakasimamishwa kwa moto. Mabingwa wa kazi hiyo ni watu wa Fujian, huko Uchina, na wa Taiwan. Chai inayopita katika mnada wetu wa Mombasa karibu yote ni nyeusi, iliyokatwakatwa ikawa chembe, kwa hivyo ukiuziwa unga au chembe na kuambiwa ni oolong, irudishe. Oolong nzuri ni majani mazima yaliyosokotwa, ambayo hufunguka taratibu yakitiwa maji ya moto.

Nasra: Shikamoo Khalati, shikamoo Ami. Nitaanza na kisukari, kwa kuwa ndicho kinachomhusu Bibi, mama yako. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanywa Taiwan, ambapo watu 20 wenye kisukari cha aina ya pili walikunywa lita moja na nusu ya oolong kila siku kwa wiki nne, na kwa wiki nne nyingine wakanywa maji matupu. Sukari katika damu yao ilishuka walipokunywa chai. Hata hivyo, watu 20 ni wachache mno, na wote waliendelea kumeza dawa walizoandikiwa na daktari. Hakuna aliyeacha vidonge akategemea majani. Neno "huponya" katika ujumbe ule si kweli, na linanitia hofu, kwa sababu ninamjua Bibi: akiamini kwamba amepona, sanduku la dawa litafungwa siku hiyohiyo.

Khalati Zuhura: Umesema kweli, mwanangu. Na kitambi je?

Nasra: Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 uliopima wanaume 12, ukaona kwamba oolong iliongeza nguvu ambayo mwili hutumia kwa takriban asilimia 3, yaani kalori zipatazo 67 kwa siku. Hamri moja lina zaidi ya hizo. Kuhusu presha, watafiti wa Taiwan waliona kwamba watu waliozoea kunywa chai ya kijani au oolong kila siku kwa mwaka mzima au zaidi walipatwa na presha kwa uchache kuliko wasiokunywa, ingawa huenda watu hao walitofautiana pia katika mambo mengine ya maisha yao.

Faida ambayo mimi naiamini zaidi ni ya karibu kuliko hizo zote, nayo ni kwamba oolong hunyweka bila sukari. Bibi hunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu, na kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, kwa hivyo anapata karibu gramu 48 kwenye chai peke yake, hata kabla hatujayafikia mahamri. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ni bora mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 kwa siku. Vikombe viwili tu vikigeuka kuwa oolong isiyotiwa sukari, nusu ya mzigo huo imeondoka.

Mwanaheri: Nami ni mjamzito, je, naweza kunywa?

Nasra: Unaweza kwa kiasi, dada. Oolong ina kafeini, na madaktari wengi humshauri mjamzito asizidishe miligramu 200 kwa siku, akijumlisha kahawa na chai zote. Usiinywe pamoja na chakula wala na vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu tanini, vitu vilivyomo kwenye chai vinavyoipa ukakasi, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Subiri angalau saa moja. Bibi naye asiinywe baada ya alasiri, asije akakosa usingizi.

Khalati Zuhura: Mama atataka iliki na maziwa.

Nasra: Iliki haina neno, hata tangawizi. Maziwa yatafunika ladha yake, lakini akiyataka, mpe kidogo, mradi sukari isirudi.

Ami Athman: Tena msiichemshe kwenye sufuria kama chai yetu ya maziwa, kwani itakuwa chungu na Mama ataikataa siku ya kwanza. Mimina maji yaliyotulia kidogo baada ya kuchemka, funika dakika tatu, kisha chuja. Majani hayohayo hutiwa maji tena mara mbili au tatu, kwa hivyo pakiti ndogo itamtosha muda mrefu. Iacheni ipoe kiasi kabla ya kunywa, kwani vinywaji vya moto sana hudhuru koo.

Khalati Zuhura: Basi nitanunua pakiti moja ndogo, na nitampa asubuhi baada ya kumeza vidonge vyake mbele yangu.

Nasra: Nitakuja Jumamosi na kipimo cha sukari, Khalati, ili tuandike namba za mwanzo kabla hajaizoea.