Karani wa Dickens na shilingi zake 15: nani mwingine tunaiona kazi yake hasa?

Karani wa Shimanzi:
Assalaam aleikum jamani. Mimi ni karani wa kutoa mizigo bandarini, mwaka wa 11 sasa. Juzi nimekisoma upya kile kisa cha Krismasi cha Charles Dickens, cha 1843, na safari hii nimekisoma kikarani. Bob Cratchit, karani wa Scrooge, ananakili barua katika kijichumba cha giza. Moto wake ni kama kaa moja, na makaa yenyewe Scrooge kayaweka chumbani kwake. Koti hana, ajaribu kuota mshumaa! Kwetu taabu ni joto: feni ni moja, nayo imeelekezwa meza ya mkubwa.

Alipwa shilingi 15 kwa wiki. Pauni ilikuwa shilingi 20, kwa hivyo ni pauni 39 kwa mwaka, na nyumbani kwake ni watu wanane.

Swali langu: katika riwaya za enzi ya Malkia Victoria, ni nani mwingine ambaye kazi yake twaiona, si kutajwa tu? Wengi naona warithi mali tu, basi.

Mwalimu wa Kisauni:
Waaleikum salaam kaka. Soma *Jane Eyre*, ya 1847. Charlotte Brontë mwenyewe alikuwa mwalimu wa nyumbani, na yaonekana. Jane alipata pauni 15 kwa mwaka akifundisha shule ya Lowood, akaenda kufundisha katika jumba la Thornfield kwa 30. Ni chini ya Bob, lakini kula na kulala ni juu ya mwajiri.

Nami nimefundisha watoto nikiishi kwa watu, Nyali, miaka miwili. Mezani si mahali pako, na ukiingia jikoni wapishi wananyamaza. Kuna usiku wageni wamejaa Thornfield, Jane kakaa dirishani, pazia limemficha nusu, na wale mabibi wanawaponda walimu wa nyumbani naye yuasikia. Nilikifunga kitabu hapo, nikakirudia siku ya pili.

Mshonaji wa Kuze:
Jenny Wren, katika *Our Mutual Friend*, ya Dickens pia. Ashona nguo za wanasesere, na mgongo wamuuma. Husimama njiani kuwatazama mabibi wakubwa, akawapima kwa macho, kisha akakimbilia nyumbani kukata kitambaa. Mimi arusini ni hivyo hivyo, sijui hata nimekula nini.

Mvukaji wa Likoni:
Umemsahau karani mwenzako! Wemmick wa *Great Expectations*, ya Dickens vilevile, karani wa wakili London. Kwake Walworth ana kijumba cha mbao alichokijenga kama ngome, na ubao wa kuvukia mtaro ambao huuinua akishaingia. Saa tatu usiku hupiga mzinga, sauti ambayo hata babake kiziwi huisikia, na mzee hufurahi mno. Asubuhi akirudi kazini, uso wakauka hatua kwa hatua, mpaka mdomo ukawa kama tundu la sanduku la posta. Mimi ukavu huo huniingia nikiwa juu ya feri, kabla hatujafika ng'ambo.

Karani wa Shimanzi:
Shukrani nyote. Dada wa Kisauni, pole kwa ile miaka miwili. Ndugu wa Likoni, mzinga huo uko sura ya ngapi? Babangu alikuwa kuli Kilindini, sasa hasikii mpaka umkaribie sikioni. Nataka kumsomea leo baada ya Isha.

Mvukaji wa Likoni:
Sura ya 25. Msomee polepole.