Mabaka usoni baada ya kujifungua: krimu, kuambua ngozi au leza?

Mama Nuru, Mwanza

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Tangu nilipobeba ujauzito wa mtoto wangu wa pili nina mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, ambayo hayawashi wala hayana vipele, lakini hayajafifia ingawa mtoto sasa anatambaa. Bado ninanyonyesha, ninatumia sindano ya uzazi wa mpango, na kwa kuwa ninauza chakula, nashinda mbele ya jiko la mkaa. Saluni moja imenishauri nianze leza na kulipia awamu zote kwa mkupuo. Rafiki yangu anasema kuambua ngozi kwa asidi kunatosha. Na muuza vipodozi amenipa kikopo cha krimu kisicho na lebo, akidai ni "ya daktari". Fedha yangu inatosha jambo moja tu. Nichague lipi?

Tausi

Pole, mwenzangu. Kikopo hicho usikifungue kabisa. Krimu za namna hiyo, ambazo wengi tunaziita mkorogo, mara nyingi huwa na haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi), steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe) au zebaki, na vipodozi vyenye haidrokwinoni au zebaki vimepigwa marufuku nchini Tanzania. Mwanzoni uso hung'aa na kila mtu hukusifia. Baadaye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, mishipa ikaonekana na chunusi zikafumuka, na ukiacha ghafla uso huwaka. Zebaki nayo hupenya mwilini, na mtoto anayenyonya anaweza kuipata.

Mfamasia Mstaafu

Binti Tausi amesema kweli, ila niongeze kwamba haidrokwinoni si sumu kila inapotajwa. Madaktari wa ngozi wamekuwa wakiiandika kwa muda maalumu tangu watafiti wa ngozi Kligman na Willis walipotangaza mchanganyiko wao mwaka 1975, wenye haidrokwinoni, tretinoini (dawa ya jamii ya vitamini A) na steroidi. Madhara huja pale mtu anapojipaka mwaka hadi mwaka bila kusimamiwa, kwani ngozi huweza kugeuka rangi ya bluu-nyeusi, hali iitwayo okronosisi ambayo ni ngumu mno kuiondoa. Afrika Kusini iliiona kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1990 ilipiga marufuku vipodozi vya kuchubua.

Kwako wewe unayenyonyesha, haidrokwinoni haifai hata kwa cheti, kwa sababu sehemu kubwa yake huingia kwenye damu. Muulize daktari kuhusu dawa ya kupaka ya asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20, ambayo kwa kawaida hukubalika wakati wa ujauzito na kunyonyesha. Inatekenya kidogo mwanzoni, na matokeo yake huonekana baada ya miezi, si wiki.

Mtaalamu wa Urembo

Mimi ninaishi kwa kazi hii, kwa hiyo msinidhanie kuwa ninaichukia leza. Mwanga wake huifuata rangi ya ngozi, na ngozi nyeusi ina rangi hiyo hata pasipo na baka. Joto likizidi, ngozi huvimba, na uvimbe huo wenyewe huzaa weusi mpya. Mashine za mwanga mpana ndizo hatari zaidi kwetu. Ile ya mawimbi ya nanomita 1064 ni salama kidogo, lakini hata baada ya hiyo, mabaka ya homoni kama yako hurudi mara nyingi. Kuambua ngozi kwa asidi ya glaikoliki isiyo kali, ikipandishwa taratibu, kunaweza kusaidia mtu ambaye ameshaizoesha ngozi yake dawa, usianzie hapo. Na anayekudai malipo ya awamu zote kabla hajajaribu sehemu ndogo nyuma ya sikio anauza, hatibu.

Fedha yako ingekuwa yangu, ningeanza na kizuia jua chenye rangi. Wengi hununua kile cheupe, wakasahau kwamba mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao huamsha mabaka kwenye ngozi nyeusi, na kinachouzuia ni oksidi ya chuma, ile ile inayokipa kizuia jua rangi ya udongo. Bila hicho, krimu yoyote inateka maji kwa pakacha.

Mama Nuru, Mwanza

Nawashukuru sana. Je, sindano niiache? Na jiko je, lina mchango wowote?

Mfamasia Mstaafu

Mwanangu, sindano usiiache kabla hujapata njia nyingine. Homoni za uzazi wa mpango zinaweza kuchangia mabaka haya, kwa hiyo waambie wahudumu wa kliniki unayochomewa, nao wakueleze habari za kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni. Joto la jiko pia linahisiwa kuyachochea. Kaa upande usiopigwa na moto, na kizuia jua upake tena mchana, maana jasho hukiondoa.

Kabla ya kununua chochote, fika kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa, kwa sababu si kila weusi wa usoni ni mabaka ya ujauzito, na weusi ulioachwa na chunusi au na krimu hutibiwa kwa njia nyingine. Siku hiyo nenda bila poda usoni, na kikopo kile ukichukue umwoneshe daktari.