Gari inanuka petroli ndani kila nikijaza tenki, mtoto anatapika. Naombeni ushauri

MamaZuhura: Wakuu, habari za jioni. Nina gari ndogo ya Kijapani ya mwaka 1998, cc 1500, EFI (injini inayopuliziwa mafuta kwa umeme). Nimekaa nayo mwaka wa sita sasa bila usumbufu wowote, ila tangu mwezi uliopita inanuka petroli ndani. Si muda wote. Mafuta yakiwa robo tenki siisikii kabisa. Nikijaza, siku mbili tatu za mwanzo hakukaliki. Asubuhi nikifungua mlango harufu inanipiga usoni kama nimefungua kidumu.

Kila siku natoka Kimara kwenda Posta, na binti yangu wa miaka minne anakaa siti ya nyuma. Juzi tuko kwenye foleni Ubungo akasema "mama, kichwa kinauma". Kabla sijapata pa kusimama, akatapika. Tangu siku hiyo tunapanda daladala.

Fundi wa kwanza kachungulia chini ya gari, akasema hamna tone, gari za zamani ndivyo zilivyo, ninunue pafyumu. Wa pili anataka kushusha tenki alichomelee. Majibu yote mawili hayajaniingia akilini. Nianzie wapi?

SpanaKumi: Pole sana dada, na mtoto pia. Vizuri umeacha kumpandisha. Maswali mawili: huwa unabeba kidumu cha petroli kwenye buti? Na pampu ya mafuta imewahi kubadilishwa?

MamaZuhura: Kidumu sibebi. Pampu ndiyo, ilibadilishwa miezi mitatu iliyopita.

SpanaKumi: Basi anzia hapo. Gari nyingi za aina hiyo pampu imezama ndani ya tenki, na inafikiwa kwa kuinua siti ya nyuma. Utakuta kifuniko cha bati kilichogandishwa kwa ulimbo mweusi unaonata. Chini yake ndiyo kichwa cha pampu, kimefungwa kwa bolti kuzunguka, na katikati yake na tenki kuna gasketi, yaani pete ya kuziba. Fundi mwenye haraka anarudisha gasketi ileile iliyokwisha kukakamaa, au anapaka silikoni. Silikoni ya kawaida haivumilii petroli: inavimba, inalegea, inaachia. Tenki likijaa, mafuta yanarukaruka hadi pale juu na mvuke unatokea mahali anapokaa mwanao. Chini hutaona tone hata ukilala siku nzima.

Usifungue tenki likiwa limejaa. Subiri lishuke chini ya nusu. Fanyieni nje, milango yote wazi, pasiwe na mtu anayevuta sigara. Mwambie fundi achomoe kwanza fyuzi ya pampu, awashe gari mpaka lizimike lenyewe ili presha iishe kwenye bomba, ndipo atoe waya wa hasi kwenye betri. Wengi wanaruka hatua hii halafu petroli inawarukia machoni.

Dereva_Mstaafu: Mwanangu, huyo wa kuchomelea usimpe gari. Tenki lililomwagwa mafuta ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu linabaki na mvuke uliochanganyika na hewa. Petroli ikifika kama asilimia 1.4 tu ya hewa inashika moto, na mvuke wake ni mzito, unatambaa chini kufuata cheche. Kama hamna tone, anachomelea nini?

Likoni_Boy: Dadangu, mimi niko Mombasa, yangu ilinuka hivyo hivyo lakini kosa lilikuwa kwangu. Bunduki ya petroli ikijizima, nilikuwa namwambia kijana aongeze mpaka shilingi zikamilike. Yale ya ziada yanaingia kwenye kile kikopo cheusi cha mkaa kinachonyonya mvuke wa tenki, na mkaa ukilowa kikopo kimekufa. Makanika wengine wanakitoa kabisa na kuziba mipira. Ukifungua kifuniko cha tenki kikatoa pumzi kali, fyuuu, kague huko pia.

Nyembo: Hakikisha ni petroli mbichi unayonusa. Kama ni moshi, angalia eksozi na mpira wa mlango wa buti. Moshi una kaboni monoksidi, ambayo yenyewe haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

MamaZuhura: Wakuu, nimerudi. Leo asubuhi tumefungua, fundi mwingine, mimi nimesimama pale pale na tochi. Bati lilikuwa na skrubu mbili kati ya nne, na ule ulimbo haupo. Chini yake vumbi limekauka kote, isipokuwa pete moja nyeusi, mbichi, kuzunguka kichwa cha pampu. Fundi kapitisha kidole akaninusisha. Silikoni ilivutika kama jojo, ikatoka nzima. Gasketi? Hapakuwa na gasketi.

Tumefunga mpya, bolti zikakazwa kwa kupishana, ulimbo mpya kwenye bati, na skrubu zote nne. Kifuniko cha tenki hakitoi pumzi. Nimezunguka nayo saa nzima vioo vimefungwa, sijasikia kitu. Nimelia kidogo, kwa kweli, nikikumbuka siku zote ambazo mtoto amekalia ule mvuke.

Kitu kimoja: mpira mnene unaotoka mdomo wa kujazia kwenda tenki una nyufa nyembamba upande wa chini. Hauna unyevu. Naweza kuuacha?

SpanaKumi: Usiuache. Agiza ule wenyewe, wa petroli, usikubali kufungiwa mpira wa maji, unaoza upesi. Mpaka ufike, weka mafuta yasizidi nusu tenki, na kila ukitoka sheli shika pale chini kwa karatasi nyeupe uangalie kama imelowa. Mtoto mrudishe baada ya huo mpira kufungwa na tenki kujazwa mara moja bila yeye.

MamaZuhura: Nimeelewa. Kesho napita maduka ya spea pale Gerezani kuutafuta.