Samaki wa bahari hapa Kampala: wazuiwe mpakani au wapimwe?

Mwanzisha mada, Old Kampala

Ile sauti inayozunguka kwenye WhatsApp nadhani wengi mmeshaisikia. Mwanamume asiyejitaja anasema samaki wa bahari wanaoletwa kutoka Mombasa na Dar es Salaam wamelowekwa fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Kwamba bahari imeharibiwa na maji ya nyuklia ya Japani. Na kwamba Zanzibar watu wameshakufa kwa kula samaki hao hao. Anamaliza kwa kuitaka serikali ifunge Malaba na Busia, malango ya mpaka wetu na Kenya, kwa kila gari lenye samaki.

Msimamo wangu nautoa mapema: sitaki wazuiwe. Nataka wapimwe, na matokeo tuyaone. Ila kabla hatujabishana tuyachambue madai yenyewe, kwa sababu humo ndani kuna kweli, kuna nusu ya kweli na kuna uongo mtupu.

Nianze na Zanzibar. Vifo vilitokea. Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki na wengine wengi wakalazwa. Lakini walikuwa wamekula kasa, hawakula samaki. Nyama ya kasa wa baharini huweza kubeba sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi, na watu wa visiwani wamekuwa wakionywa juu ya jambo hilo. Kuuchukua msiba wa watoto wale na kuubandika kwenye nguru au changu ni kuwakosea waliofiwa.

La Japani: kiwanda cha Fukushima kiliharibiwa na tetemeko na tsunami Machi 2011. Tarehe 24 Agosti 2023 Japani ilianza kumwaga Bahari ya Pasifiki maji yake yaliyosafishwa, na siku hiyo hiyo China ikapiga marufuku samaki wa Japani. Kitu kikuu ambacho usafishaji ule hauwezi kukiondoa ni tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, na Japani imejiwekea kikomo cha bekereli (kipimo cha mionzi) 1,500 kwa lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lina wataalamu wake pale pale. Ukiupinga uamuzi wa Japani una haki yako, hata wavuvi wao wenyewe waliupinga. Lakini nguru wa Lamu anaishi Bahari ya Hindi.

Fomalini ndiyo inayonisumbua, na simlaumu anayeogopa. Tunazikumbuka kelele za nyama na fomalini zilizovuma Kampala mwanzoni mwa 2018. Tatizo langu ni kipimo ambacho watu wamejitungia: "Nzi hawatui, basi ana dawa." Nzi hufuata harufu ya kuoza. Samaki aliyelala vizuri kwenye barafu harufu yake ni ndogo, kwa hiyo nzi wake ni wachache. Mwenye kufuata nzi atamwacha samaki aliyetunzwa na kumbeba aliyeanza kuharibika.

Halafu kuna hatari ambayo ile sauti haikuitaja hata kwa neno moja: joto. Jodari, vibua na jamii zao, wakikaa bila ubaridi wa kutosha, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini ndani ya nyama yao. Mlaji uso unamwiva, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, vipele vinamtoka, mara nyingi kabla hata vyombo havijaoshwa. Watu husema "ana mzio wa samaki" au "ametiliwa sumu". Na histamini ikishaingia, kukaanga hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, hata kutia kwenye kopo hakuiondoi. Samaki anaweza kuonekana mzima na kunuka vizuri kabisa. Swali ninalotaka tuulizane ni hili: huyu samaki alikaa na ubaridi gani, na kwa muda gani?

Karibuni.

Muuza samaki, Nakasero

Ndugu, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi nauza samaki wa ziwani, mputa (sangara) na ngege (sato), na friza moja naweka vibua na kamba wa bahari. Tangu sauti ile itoke, hata anayekuja kwa mputa wa hapa hapa Gaba ananiuliza ametoka wapi.

Fomalini sijaiona kwa mwenzangu yeyote, ingawa siwezi kuapa kwa soko zima. Ninachokijua ni umeme. Ukikatika usiku, asubuhi unakuta samaki wamelegea na maji ya damu yamejaa chini ya friza. Mwenye mtaji atawatupa. Mwenye deni atawagandisha tena. Nalisema wazi ili mjue pa kuangalia: ukiona barafu yenye rangi ya damu imeganda chini ya kavera (mfuko wa plastiki), au samaki amepinda kufuata kona ya friza, huyo aliyeyuka akarudishwa. Muulizeni muuzaji. Akinuna, ondokeni.

Lakini nanyi mnaotaka vipimo, semeni nani atalipa. Tusije tukaletewa maafisa wa kutoza faini mezani kwetu huku lori limepita mpakani bila mlango kufunguliwa.

Dereva wa masafa

Dada wa Nakasero umesema kweli, ila tatizo linaanza kabla mzigo haujafika kwako. Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Lori la friji lina injini yake ya ubaridi inayokunywa dizeli gari likiwa limesimama. Foleni ya mpakani ikiwa ndefu, kuna wanaoizima usiku ili dizeli ibaki mfukoni, wanaiwasha tena karibu na mwisho wa safari. Nje ya katoni kunaganda upesi. Katikati je?

Kuna kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya kontena kinachoandika joto njia nzima. Mizigo ya chanjo haisafiri bila hicho. Mwenye mali akikitaka, dereva hana ujanja. Wenye mali wengi hawakitaki, maana kinawafunga na wao.

Hajati, Bombo

Wanangu, nimewasikia. Mmesoma, na mnasema vizuri. Lakini mimi nalea wajukuu, na dini yetu imetufundisha kuacha lenye shaka. Mkisema hofu yetu ni ujinga mnatuonea. Hapa hapa Uganda, mwaka 2023, mamlaka ya dawa ilikiri bungeni kwamba kuna wafugaji wanaolisha nguruwe na kuku dawa za virusi vya Ukimwi. Na ilikuwa inajua kwa muda mrefu. Kama hilo lilikuwa kweli na hatukuambiwa, la samaki nimwamini nani?

Na nina binti mjamzito. Mmoja ananiambia samaki ni mwiko, mwingine ananiambia ampikie kila siku. Nielezeni hilo kwanza, mengine baadaye.

Mtu wa maabara, Entebbe

Shikamoo Hajati. Nafanya kazi ya maabara. Hapa nasema kama mtu binafsi.

La binti: mpikie. Samaki anamjenga yeye na mtoto. Anachopaswa kukwepa ni samaki wakubwa wa baharini wanaokula wenzao, yaani papa, nduwaro na jodari wakubwa, kwa sababu hao hukusanya zebaki mwilini kadiri wanavyoishi, na zebaki huathiri ubongo wa mtoto aliye tumboni. Samaki wadogo wana zebaki ndogo. Mukene, yaani dagaa wa ziwani, ni chakula kizuri mno kwa mjamzito. Tatizo lake ni uchafu wa mahali alipoanikwa. Anayeanikwa chini mchangani hukusanya mchanga na kila kilichopita hapo, na mvua ikimkuta anaota ukungu. Mtafutie aliyeanikwa juu ya vichanja, muoshe, mpike mpaka aive.

Sasa fomalini, na hapa naomba tutulie kidogo kwa sababu video za kupima zinapotosha watu wengi. Samaki wa baharini ana kemikali ya asili inayomsaidia kuishi kwenye chumvi. Akishakufa, hasa akikaa muda mrefu kwenye friza, kemikali hiyo huvunjika na kutoa fomaldehaidi kidogo bila mtu kumgusa. Ngege wa ziwani hana kemikali hiyo kwa kiasi kama hicho. Kwa hiyo mtu akichukua karatasi ya kupimia, akaiweka kwenye samaki wa bahari na rangi ikabadilika, bado hajathibitisha kwamba mtu ametia dawa. Lazima iulizwe ni kiasi gani, na ni samaki wa aina gani. Aliyelowekwa fomalini kweli kiasi chake hupanda sana, nyama yake hukakamaa, na harufu huwasha macho. Maabara ya serikali ya pale Wandegeya ndiyo ya kulisema hilo.

Histamini nayo inapimika. Kikomo cha usafi cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 200 kwa kilo. Hakuna muujiza hapo, vifaa vyake vinajulikana na viwanda vinavyouza nje vinavijua.

Mvuvi, Katosi

Mimi nasema wazuiwe. Na sisemi kwa sababu ya ile sauti.

Mwaka 1999 baadhi ya watu walitia dawa za kuulia wadudu ziwani ili samaki waelee. Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria. Wenye hatia walikuwa wachache, njaa tuliila wote. Baada ya pale ndipo mialo ikatiwa sakafu, barafu ikaletwa, wakaguzi wakaja, vitabu vya kuandika kila shehena vikaja. Kwa nini? Kwa sababu Mzungu alikataa kununua. Mpaka leo mputa mzuri anakwenda kiwandani kwenye barafu, na Mganda anauziwa mgongo wazi (mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa) uliokaangwa, umekaa juani tangu asubuhi.

Januari 2021 mputa wakubwa walielea wakiwa wafu, Victoria na Kyoga. Watu wakasema sumu. Wizara ikasema ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuvuruga maji, na mputa mkubwa ndiye asiyevumilia. Mimi naliamini hilo, wazee wetu waliliona kabla ya wizara. Lakini wateja walitukimbia.

Mwaka 2017 tuliletewa wanajeshi ziwani. Wavu ukipungua inchi, ulichomwa, na mashua pamoja nao. Sawa, ni sheria. Basi na samaki wa nje aulizwe maswali yale yale. Mpaka atakapoweza kuyajibu, abaki huko kwao.

Mwanzisha mada, Old Kampala

Mzee wa Katosi, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa hapa, na nusu yake naichukua yote. Ulaya ilipokataa, nchi hii ilijua haraka namna ya kutenganisha sumu na uvumi: sampuli, maabara, barafu, karatasi ya kila shehena. Ujuzi huo upo, uko Entebbe, uko viwandani. Inaniuma kwamba robo karne baadaye mlaji wa masoko ya Kampala kama Owino na Kisenyi bado anapima samaki kwa kuhesabu nzi.

Ninapokataa ni kwenye kufunga mpaka. Wewe unaijua Busia. Ukifunga lango, samaki hatabaki Mombasa. Atapita njia za panya kwenye gunia nyuma ya boda, bila barafu, bila karatasi, na histamini itakuwa mara nyingi zaidi ya ile inayoingia leo kwenye lori. Kenya mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba samaki wa China wazuiwe. Ubalozi wa China ukaja juu, mambo yakageuka ugomvi wa biashara, na mama wa sokoni hakuelezwa vizuri kama samaki wale walikuwa na sumu au la. Sitaki tuishie hapo.

Dada wa Nakasero, nani alipe? Nasema alipe mwagizaji, kwa kontena, pale pale Malaba. Kifaa alichokitaja dereva kiwe sharti: kisomwe kabla mlango haujafunguliwa, na kontena lililopanda joto njiani litolewe sampuli ya histamini kabla ya kuingia. Fomalini ipimwe kwa kushtukiza, na kwa samaki wetu wa ziwani pia. Matokeo yabandikwe sokoni kwa Kiswahili na Kiganda, yenye tarehe na aina ya samaki. Bei itapanda kidogo, sitaki kulificha.

Hajati, sitakusukuma ununue vibua. Uliyoyasema kuhusu 2023 hayana jibu zuri, na mtu aliyefichwa mara moja ana haki ya kudai karatasi mkononi. Mukene wa kichanja umpikie binti.

Waliobaki kimya ni waagizaji. Najua baadhi yenu mnasoma hapa. Ubaridi wa kontena lenu la mwisho, tangu Mombasa hadi Kampala, ulikuwa nyuzi ngapi, na rekodi yake iko wapi?